Nyumba Aliyojengewa Binti: Ndani ya Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, Lamu

Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili yako katika mji mkongwe wa Lamu, upande wa Mkomani, hatua chache kutoka ufukweni. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 18 ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliikarabati na kuirudishia sura yake ya zamani. Si kubwa, na mtu mwenye haraka huvimaliza vyumba vyake vyote kabla jasho la juani halijamkauka. Ndiyo maana wageni wengi hutoka wakiwa wameona vitanda, makasha na vyombo vya jikoni, lakini nyumba hawakuiona. Kitu cha kwanza cha kutazamwa humo ni nyumba yenyewe: jinsi vyumba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, nani aliruhusiwa kufika wapi, na kuta nene kama zile zilisimamishwa kwa ajili ya nani. Katika Lamu ya waungwana, nyumba ya mawe ilijengwa kwa ajili ya binti. Mgeni akiingia na jambo hilo kichwani, kila mlango na kila kipandio kitamweleza kitu.

Anayesafiri kwa barabara kutoka Mombasa hupita Malindi na Garsen hadi Mokowe, barabara inapoishia, kisha huvuka kwa mashua. Anayekuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda, naye pia hana budi kuvuka maji. Mashua ikikaribia gati, kinachoonekana kwanza ni safu ya majengo marefu yenye nguzo na roshani yakitazama bahari. Safu hiyo ni ya karne ya 19, nayo ilijengwa mahali palipokuwa pwani ya mchanga. Mji wa zamani zaidi umejificha nyuma yake. Ukishavuka njia kuu, ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, vichochoro vinakuwa vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kungoja. Magari hayapiti. Kuta zinapanda kulia na kushoto bila madirisha ya kutazama nje, isipokuwa vitundu vya hewa juu kabisa, na chini kuna kivuli karibu mchana kutwa. Mahali pengine chumba kizima kimepita juu ya njia, kimelala juu ya boriti zilizoingizwa katika kuta za pande zote mbili. Hilo ndilo wikio. Kwa wikio, wanawake wa nyumba mbili za ukoo mmoja waliweza kutembeleana, kuazimana chumvi na kuuguzana bila kukanyaga njia ya watu.

Mji huu una umri mkubwa. Msikiti wa Pwani una tarehe ya mwaka 1370, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji mkongwe, wenye kiini cha hekta 16, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini nyumba za mawe zilizobaki, pamoja na hii ya makumbusho, nyingi ni za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati fedha ilipokuwapo. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazini kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba pembe za ndovu, nafaka, boriti za mikoko na watu waliouzwa utumwani. Familia zilizoshika biashara hiyo zilikaa Mkomani katika nyumba za mawe. Langoni, upande wa kusini, zilikuwa nyingi zaidi nyumba za udongo na makuti. Kwa hiyo nyumba ya makumbusho inaonyesha maisha ya tabaka moja, tena tabaka la juu. Inafaa kulishika hilo tangu mlangoni, maana jina la makumbusho linaweza kumfanya mgeni adhani kwamba Waswahili wote waliishi hivi.

Mlango wa nyumba ya namna hii haukai sambamba na njia. Umerudishwa ndani, na mbele yake limeachwa daka, kibaraza kilichofunikwa paa chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo mwenye nyumba alipokea watu wa kawaida, akanywa kahawa, akapatana bei, akasuluhisha ugomvi wa mtaa. Wengi waliokuwa na shida naye hawakuwahi kuvuka daka maishani mwao, na hakuna aliyeona kuwa amenyimwa heshima. Mlango wenyewe ni wa mbao, una mbawa mbili, na katikati yake umesimama mfaa, ule mti uliochongwa ambao umeshikamana na ubawa mmoja na kuufunika ukingo wa wa pili. Mafundi seremala wa Lamu bado wanachonga milango hii mpaka leo, na mgeni anaweza kulinganisha kazi yao mpya na ya zamani mtaani, kwa umbali wa hatua kumi.

Ndani ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo ambao mjengaji aliufanyia hila yake ya kwanza. Njia haiendi moja kwa moja. Hupinda, hata mlango ukiachwa wazi aliyesimama dakani anaona ukuta mtupu tu. Karibu na hapo ndipo ngazi ya kwenda sabule inapoanza. Sabule ni chumba cha wageni, na katika nyumba nyingi kiko juu, kina ngazi yake na choo chake. Mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo alikaa humo kwa miezi akingoja upepo ugeuke, akala chakula cha nyumba hiyo kila siku, na huenda asimwone hata mwanamke mmoja wa nyumba. Hakuwa na haja ya kupita penginepo. Mpango wa ngazi ulimaliza suala zima la adabu bila mtu kukatazwa lolote kwa maneno.

Kutoka tekani mgeni hutokea kiwandani. Baada ya giza la kichochoro na tekani, mwanga wa hapa huyapiga macho. Kiwanda ni uwanja usio na paa, umezungukwa na kuta ndefu zilizopakwa chokaa nyeupe, na ndicho kinachoipa nyumba hewa na nuru yake yote, kwa kuwa nyumba haina dirisha la kutazama kichochoro. Vyumba hufuatana kuanzia hapo, vikiwa vimeutazama upande wa kaskazini. Kutoka Lamu, kibla kiko kaskazini, na nyumba kwa hiyo imeelekezwa kama msikiti. Mwelekeo huo una faida nyingine ambayo mwili huitambua mapema: Lamu iko nyuzi kama 2 tu kusini ya ikweta, na katika miezi ya joto ya Desemba hadi Februari jua la adhuhuri huwa limeegemea kusini, kwa hiyo vyumba hubaki kivulini huku upepo wa kaskazi ukishuka kiwandani. Nani alitangulia kuipanga hivyo, mwanachuoni au fundi, hakuna haja ya kuwatenganisha.

Kipandio kimoja juu ya kiwanda ndio msana wa tini, na kipandio kingine nyuma yake ni msana wa yuu, kama Waamu wanavyosema. Kila chumba kiko juu kidogo kuliko kilichotangulia, na kila kipandio ni kama cheo: anayezidi kuwa wa karibu na familia huzidi kupanda. Misana hii ni mirefu sana kwa upana wake. Mtu akinyoosha shingo na kutazama dari ataona sababu. Dari imebebwa na boriti za mikoko zilizolazwa moja kando ya nyingine, na mkoko mzuri wa kujengea hauwezi kuvuka pengo kubwa. Upana wa chumba kwa hiyo hauzidi mita 3 hivi. Urefu haukuwa na mpaka, kwa sababu boriti zingeweza kuongezwa ubavuni kadiri fedha ilivyoruhusu. Ndivyo mti wa mikokoni ulivyoamua umbo la vyumba vya matajiri kwa karne kadhaa. Na si Lamu pekee, kwa kuwa boriti hizo hizo zilisafirishwa Oman, Bahrain, Kuwait na Basra, ambako miti ya kujengea ni adimu, nako vyumba vingi vya zamani vina upana wa namna hiyo hiyo.

Katika ncha za misana vimewekwa vitanda, na zamani pazia zilishushwa usiku kuifanya kila ncha kuwa chumba. Kuna ulili uliofumwa kwa kamba, na kuna samadari, kitanda kirefu ambacho kukipanda kunahitaji kibao cha miguu. Makasha ya nguo na mali yalikaa kando ya ukuta. Kiti cha enzi, chenye mgongo ulionyooka, kilichotiwa vipande vya pembe na kusukwa kwa uzi, hakikuwa cha kukalia kila siku. Kilikaliwa na mgeni mheshimiwa au bwana arusi. Anayekitazama kwa karibu ataona kwamba ni kiti cha kumfanya mtu aonekane, na starehe haikutiwa maanani.

Kisha ndani. Chumba hiki ndicho kilele cha nyumba, na hapo ndipo inapofaa kusimama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Ukuta wake mkubwa umejaa zidaka kutoka karibu na sakafu hadi juu: visanduku vidogo vya lipu vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja na tao lake, na nguzo nyembamba zilizochongwa baina yake. Ukiusogelea unaona kwamba hakuna kilichobandikwa. Fundi alipaka lipu ya chokaa kwa tabaka, akaichonga kwa kisu ikiwa bado ina umajimaji. Chokaa ikishakauka haikubali tena kurekebishwa, kwa hiyo alifanya kazi kwa haraka na kwa mkono usiotetemeka. Kingo za zidaka za chini zimelainika kwa kuguswa. Za juu bado ni kali. Mwanga unaofika huku kutoka kiwandani umekwisha kupita misana miwili, umepoa, na unaangukia mashimo hayo kwa ubavu, hata ukuta unaonekana kuwa na kina kikubwa kuliko ulio nacho. Chumba chembamba kikapata upana ambao boriti ziliukataa.

Ndani ya zidaka vilipangwa vyombo vya kaure kutoka Uchina, vitabu, na vitu vidogo vya fahari. Zilikuwa alama ya utajiri iliyojulikana na kila mtu, na ushahidi wake umo katika fasihi yenyewe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi ufalme wa Pate ulivyoanguka, alizitaja zidaka za vyombo ambamo sasa walikuwa wakilala makinda ya ndege. Msomaji wa siku zile hakuhitaji ufafanuzi. Pate iko kaskazini kidogo tu mwa Lamu, na magofu ya nyumba zake yangali na kuta za namna hii zikinyeshewa mvua.

Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyechunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, alieleza matumizi mengine ya vyombo hivyo ambayo wenyeji waliyajua siku zote. Sahani ya kaure ilikuwa kinga. Jicho la hasidi likiingia chumbani lilivutwa na uzuri wa chombo, na chombo kikapokea madhara badala ya mtu; kikipasuka chenyewe, basi kimefanya kazi yake. Tena ukuta wa zidaka unasimama mahali maalumu, mbele ya chumba cha mwisho kabisa, ambamo yalifanyika mambo yaliyohitaji kinga zaidi. Maelezo hayo yana uzito kuliko yale ya kusema zidaka ni rafu za mapambo, kwa kuwa yanaunganisha ukuta na maisha yaliyopita nyuma yake.

Chumba hicho cha mwisho ni nyumba ya kati. Hakina mapambo, kina giza, na wageni wengi huchungulia tu wakapita. Humo wanawake walizalia. Humo maiti aliyekufa nyumbani alioshwa, na kuna njia ya kutolea maji. Humo mjane alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi. James de Vere Allen, msimamizi wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu, aliyeandika kwa kirefu juu ya mawazo yaliyomo katika mpango wa nyumba ya Kiswahili, alionyesha kwamba nyumba hizi zilikuwa na ada zake: mtoto mchanga alipotimiza arubaini alizungushwa nyumba nzima akionyeshwa kila sehemu. Nadhani hilo ndilo jambo zuri kuliko yote ambayo mwongozaji wa makumbusho anaweza kumsimulia mgeni, kwa sababu mgeni mwenyewe wakati huo anafanya mzunguko huo huo, ila kwa upande wa pili, kutoka barabarani kwenda alikozaliwa mtoto.

Kando ya vyumba hivi vya nyuma kuna choo, nacho kimejengwa kwa akili nyingi. Kuna birika la maji lililopigwa lipu laini ya chokaa, lililojazwa kutoka kisimani. Katika maji waliwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika limepachikwa bakuli la kaure, mdomo wake ukiwa sawa na sakafu ya birika, ili maji yakikaribia kwisha samaki wabaki na kidimbwi chao. Kinga ya malaria, usafi wa udhu na uzuri wa chombo vimekutana mahali ambapo watu wa nchi nyingi, karne ile ile, walikuwa bado wanamwaga maji machafu barabarani. Hapa hakuna haja ya kutia chumvi. Bakuli lenyewe linatosha.

Sasa binti. Baba wa kiungwana mwenye uwezo alianza kufikiria nyumba ya binti yake mapema, maana ilimpasa iwe tayari siku ya kumwoza. Kama kiwanja kilikuwapo alijenga kando. Kama hakikuwapo alipandisha ghorofa juu ya nyumba yake, au akavusha wikio juu ya njia. Mume alihamia kwa mke. Nyumba ikabaki mali ya upande wa mwanamke, na mtaa ukakua kwa mabinti: ukitazama ramani ya Mkomani, rundo la nyumba zilizoshikana mara nyingi ni ukoo mmoja uliojenga kwa vizazi. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyeuchunguza mji huu katika miaka ya 1970, aliyaonyesha haya kwa michoro iliyo sahihi hadi leo. Siku za harusi zilikuwa ndizo siku ambazo nyumba ilitumika yote kwa pamoja. Bibi arusi alipambwa na kuonyeshwa kwa wanawake waliojaa misanani, zidaka zikiwa nyuma yake na vyombo vimepangwa vyote.

Kwa jicho la leo ni rahisi kumwona mwanamke wa nyumba hii kama mfungwa, na ni rahisi vilevile kumwona kama malkia. Yote mawili yanampunguza. Alikuwa na nyumba ambayo talaka haikumtoa. Wakati huo huo maisha yake ya mchana yaliishia kiwandani, na alipotoka, katika karne ya 19, alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichobebwa juu ya miti na watumwa ili asionekane. Wanawake wa visiwa hivi hawakuwa bila sauti: Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake wa mawaidha kwa binti yake mwaka 1858, na mama aliyeweza kutunga hivyo hakuwa peke yake katika kusoma na kuandika. Utendi huo ungefaa sana kusikika katika misana ya makumbusho, usomwe na mwanamke wa Lamu kwa sauti ya Kiamu, kuliko kibao chochote cha maelezo.

Na kuna waliobeba miti ya shiraa. Nyumba hii haikuweza kuendeshwa na familia peke yake. Kuna maji ya kuvutwa kisimani na kujazwa birikani, mtama wa kutwangwa, kuni za kupandishwa juu, watoto wa kunyonyeshwa na kubebwa. Watumwa walifanya kazi hizo. Katika nyumba za ghorofa mara nyingi wao na bidhaa walikaa chini, na wenyewe juu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, kwa hiyo nyumba ya karne ya 18 iliishi na watumwa kwa muda mrefu kuliko ilivyoishi bila wao kabla ya kuwa makumbusho. Mwongozaji akieleza msana, ndani na sabule bila kusema nani alilala chini, ameeleza nusu ya nyumba. Mgeni na aulize. Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na wazee wa Lamu wana majibu.

Jikoni panaonyesha kazi hiyo kwa vitu. Jiko la nyumba za mawe lilikuwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi utoke na moto uwe mbali na vyumba. Hapo kuna mawe ya meko, kinu na mchi, ungo, mtungi na kata yake, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kukamulia tui, upawa wa kifuu. Karibu kila kitu kingali kikitumika katika nyumba za pwani, na ndiyo sababu wageni wa Kiafrika hucheka kwa furaha wanapofika hapa, ilhali wa mbali hupiga picha. Inafaa kuitazama mbuzi. Ubao wa kukalia umeng'aa mahali pale pale alipokalia mkunaji, na meno ya chuma yamelika upande mmoja. Kitanda cha samadari kina alama chache za mwenyewe; mbuzi imejaa alama za mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kutoka juu hapa paa za mji zinaonekana, makuti na mabati yakichanganyika, na bahari kwa nyuma.

Kuta za nyumba zimejengwa kwa mawe ya bara ya matumbawe, yaliyochimbwa na kuungwa kwa chokaa. Kwa sehemu za kuchonga lilitumika tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi, kwa kuwa likishakaa juani huwa gumu. Chokaa nayo ilitokana na tumbawe. Magogo hupangwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, moto ukawashwa ukala usiku kucha; mawe yaliyoungua yakamwagiwa maji na kuachwa yaive kwa miezi. Juu ya boriti za dari hulazwa vibamba vya tumbawe, kisha huja zege la chokaa na kokoto, ambalo hupigwa kwa vigongo na kundi la watu kwa siku kadhaa, kwa kuimba, mpaka lishikane na kuwa gumu. Sakafu iliyopigwa hivyo ni nzito sana, na uzito wake ni sababu nyingine ya kuta kuwa nene.

Boriti zenyewe huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kwa unene: fito ndizo nyembamba, zikifuata pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982, lakini Lamu, yenye sehemu kubwa ya mikoko ya nchi, huendelea kukata kwa ajili ya ujenzi wa ndani. Bila ukataji huo ulio na mpango, hakuna nyumba ya mawe itakayokarabatiwa kwa njia yake. Boriti huliwa na mchwa au huoza mahali inapoingia ukutani, hasa paa likivuja. Ikifika hapo, fundi huitegemeza dari, huchomoa moja, huingiza nyingine, na kuziba kwa chokaa.

Hatari kubwa zaidi ni saruji. Mwenye nyumba aliye na nia njema huona lipu ya zamani inabanduka, akaipaka saruji kwa kuwa ni rahisi, ni haraka, na inauzwa kila duka. Ukuta wa matumbawe una chumvi na unyevu, nao hupumua kupitia chokaa. Saruji huufunga. Unyevu ukikosa pa kutokea hubaki ndani, chumvi ikasukuma, na baada ya miaka michache saruji hubanduka pamoja na jiwe lililo nyuma yake, na kama nyuma yake kulikuwa na zidaka, zimekwenda. Mafundi wa Lamu wanaojua chokaa hulisema hili kwa uchungu, na ziara ya makumbusho ni nafasi nzuri ya kulithibitisha kwa mkono: ukuta wa chokaa uliotunzwa ni mkavu na baridi kidogo kwa kugusa, hata adhuhuri ya Machi.

Yanayokosekana humu yanapatikana hatua chache tu. Makumbusho ya Lamu, kwenye barabara ya ufukweni, yana siwa (baragumu) mbili mashuhuri, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate, zilizopigwa katika harusi na sherehe kubwa za waungwana. Jengo la posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa Novemba 1888 wakati walipokuwa na himaya ya Witu na kufungwa Machi 1891, ni makumbusho madogo katika nyumba nyingine ya mtaani. Ngome iliyo uwanjani ilimalizika kujengwa mnamo 1821, baada ya Waamu kushinda vita vya Shela, ikawa gereza tangu 1910 hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Kwa anayeweza kuchagua saa, nyumba ya Mkomani itangulie, tena asubuhi, wakati jua likiwa limekwisha kuingia kiwandani na ndani mwanga unatosha kuona alama za kisu cha fundi katika zidaka.